Bunduki ya Bwana na Bega la Baba

Juu ya meza yangu ya kuandikia pana ganda la risasi, la shaba, urefu wake karibu sawa na kidole cha kati cha mtu mzima. Kitakoni limepigwa chapa jina la kiwanda cha Kynoch, tarakimu .416 na neno Rigby. Katika miaka 38 ya ualimu wangu nililitumia kuchomekea kipande cha chaki, ili vidole visichafuke. Sasa wajukuu hulipuliza kama filimbi. Wageni wanaoliona huniuliza, "Mwalimu, kumbe ulikuwa mwindaji?" Nami huwajibu kwamba sijafyatua risasi hata moja maishani mwangu. Aliyelileta ganda hili nyumbani ni marehemu baba yangu, na yeye pia hakuwa mwindaji. Alikuwa mbeba bunduki.

Nimeahirisha kuandika habari hii kwa miaka mingi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba si rahisi kuusifu uzuri wa chombo cha kuua bila kuonekana umerukwa na akili. Ya pili ni kwamba kuna neno nililomwambia baba yangu juu ya bunduki hizo, na neno hilo sijaweza kulifuta. Wahenga walisema, Mgala muue na haki yake umpe. Basi nitaanza na haki ya bunduki, kisha nitakuja kwenye hesabu.

Mimi ni mtu wa upande wa Liwale, kusini mwa Tanzania, pembezoni mwa lile pori kubwa ambalo wazee wetu waliliita Shamba la Bibi. Nilizaliwa mwaka 1949. Baba aliajiriwa na wazungu wa safari za kuwinda, miezi ya kiangazi kila mwaka, kwa mshahara wa shilingi 60 kwa mwezi. Kazi yake ilikuwa kutembea nyuma ya bwana akiwa na bunduki ya pili begani, kumpa bwana bunduki hiyo anapoitaka, na jioni kuzisafisha zote mbili kambini.

Mara moja, nikiwa na umri wa miaka tisa hivi, alinichukua kambini nikakaa siku tatu. Ndipo nilipomwona akiisafisha ile kubwa, .416 iliyotengenezwa London na nyumba ya Rigby. Alitandika blanketi chini, akakaa, akailaza mapajani kama mtoto. Kwanza alipitisha kitambaa chenye mafuta ndani ya mtutu, mara nyingi, mpaka kikatoka cheupe. Kisha akafuta chuma chote, halafu akachovya ncha ya kidole katika mafuta ya kitani na kuipaka mbao polepole kwa kiganja, mpaka mishipa ya ule mti wa jozi ikaonekana, myeusi na ya rangi ya asali, kama maji yanayokwenda. Aliniruhusu nishike mahali pamoja tu, kwenye mkono wa kitako, penye michoro midogo ya almasi iliyokatwa kwa mkono ili kiganja chenye jasho kisiteleze. Mbele, mbao ilipoishia, palikuwa na kipande cheusi kinachong'aa. Nikamwuliza ni nini. Akasema, "Pembe ya nyati."

Juu ya mtutu palikuwa na vijani vidogo vya chuma vya kulengea, vya kuinua na kulaza, kila kimoja kwa umbali wake: yadi 100, 200, 300. Baba hakujua kusoma, lakini tarakimu hizo alizijua. Kisha akanionyesha komeo. Alilivuta nyuma, akalisukuma mbele, akaliinamisha. Halikutoa mlio wa chuma kugonga chuma. Lilitoa sauti ya mlango mzuri unaofungwa na mtu asiyetaka kuwaamsha waliolala.

Komeo hilo ndilo siri ya bunduki zote za aina hii, na historia yake inashangaza. Bunduki hizi husifiwa kuwa za Kiingereza, lakini moyo wake ni wa Kijerumani. Fundi Paul Mauser wa mji wa Oberndorf alikamilisha mwaka 1898 bunduki ya vita ambayo komeo lake lilikuwa na meno mawili makubwa ya kujifungia mbele, na la tatu nyuma kwa ajili ya usalama. Ubavuni liliwekwa ukucha mrefu wa chuma. Risasi inapopanda kutoka ghalani, ukucha huo huikamata kitakoni hata kabla haijaingia kwenye mtutu, na hauiachi mpaka ganda litupwe nje. Kwa hiyo hata mtu akiwa amelala chali, au mikono inamtetemeka kwa hofu, risasi haianguki wala haikwami kwa urahisi. Mtu aliye mbele ya nyati aliyejeruhiwa huwa na jaribio moja tu, na ukucha ule ulibuniwa kama kwa ajili yake.

Mafundi wa London walilitambua hilo upesi. John Rigby, ambaye familia yake ilianza kutengeneza bunduki Dublin mwaka 1775, alikuwa ameongoza kiwanda cha bunduki cha serikali huko Enfield kuanzia mwaka 1887. Aliporudi kwenye duka lake akawa wakala wa Mauser katika Uingereza, akaagiza makomeo kutoka Oberndorf, akawaomba Wajerumani watengeneze na refu zaidi kwa risasi kubwa. Makomeo yalivuka bahari yakiwa chuma kitupu. London yaliwekewa mitutu, mbao, vijani na michoro, yakasuguliwa kwa mkono siku nyingi, yakapigwa muhuri wa nyumba ya ukaguzi, na kuuzwa kuwa bunduki za Kiingereza. Nyumba nyingine zikafuata njia hiyo. Jeffery akatoa .404, ambayo baadaye idara za wanyamapori za makoloni kadhaa zilizipa maaskari wake. Mwaka 1911 Rigby akatoa .416, na mwaka 1912 Holland & Holland wakatoa .375, ambayo hadi leo ni miongoni mwa risasi za kuwindia zinazojulikana zaidi Afrika.

Ganda hili lililo mezani kwangu ni nene kuliko ilivyohitajika, na hilo pia lina sababu. Baruti ya wakati ule, iliyoitwa kordaiti, ilichachamaa katika joto. Risasi iliyofanya kazi vizuri kwenye baridi ya Scotland iliweza kuvimba na kung'ang'ania ndani ya mtutu jua la saa saba likiwaka Rufiji. Rigby alilipanua ganda ili msukumo uwe na nafasi, na komeo lifunguke kwa vidole viwili hata mchana wa kiangazi. Fundi aliyekaa London alilifikiria jua letu. Alilifikiria vizuri sana. Waliotembea chini ya jua hilo pengine hawakumjia akilini.

Kabla ya hapo wawindaji matajiri walitumia bunduki za mitutu miwili, ambazo bei yake ilikuwa kubwa mno. Bunduki ya komeo ilikuja kama mbadala wa mtu wa kawaida: afisa wa wilaya, mkulima wa kizungu, mwindaji wa pembe asiye na mali ya urithi. Aliyeitangaza kupita wote ni Mskoti mmoja, W. D. M. Bell, aliyepewa jina la Karamojo kwa sababu ya safari zake za Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Bell alianzia Mumias, mahali ambapo misafara ya Waswahili ilikuwa ikijiandaa kabla ya kuelekea kaskazini kutafuta pembe. Aliwaua tembo 1,011, wengi wao kwa bunduki ndogo ya Rigby ya .275, ambayo risasi yake ilikuwa ya milimita 7 tu. Risasi yenyewe ilikuwa ya Mauser, ila Waingereza waliipa jina jipya la kwao. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo unakaa wapi, kisha akalenga hapo.

Nilipokuwa kijana, habari hiyo ilinivutia. Tembo wa tani tano na kichuma kisichofika upana wa kidole! Sasa nikiisoma najiuliza kuhusu jozi zile za pembe. Ziliondoka Karamoja kwa mabega ya wapagazi, zikavuka bahari, zikawa vibonye vya piano na mipira ya biliadi katika nyumba za Ulaya na Marekani. Vitabu vimehifadhi hesabu ya tembo. Hesabu ya mabega haijulikani.

Haki inanidai niseme pia kwamba bunduki hizi ziliokoa watu. Jim Corbett alipewa .275 ya Rigby mwaka 1907, baada ya kumuua huko Champawat, India, chui-milia aliyesemekana kuua watu 436. Mzee huyo alimalizia maisha yake Nyeri, Kenya, akafariki huko mwaka 1955. Nasi wa kusini hatuhitaji kwenda India kutafuta mfano. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 560 katika Tanzania, wengi wao katika mikoa yetu ya Lindi na Mtwara na wilaya ya Rufiji. Mtu anayelala katika dungu shambani akilinda mpunga dhidi ya nguruwe, huku akisikia kitu kizito kikivuta pumzi chini yake, hana muda wa kubishana nawe juu ya ukoloni. Anamtaka bwana nyama aje, na anaomba bunduki yake isikwame.

Sasa nije kwenye hesabu.

Mwaka 1959 nilikuwa darasa la nne. Bwana aliyekuwa na baba msimu ule, ambaye sina sababu ya kumtaja, alimwambia kwamba ile .416 aliinunua kwa pauni 150. Baba akaja nyumbani na tarakimu hiyo kichwani, akaniambia, "Wewe unasoma. Nipigie hesabu." Pauni moja ilikuwa shilingi 20. Nikaandika kwenye mchanga: shilingi 3,000. Nikagawanya kwa mshahara wake wa shilingi 60. Jibu likawa miezi 50, yaani miaka minne na miezi miwili, bila kula, bila kuvaa, bila kodi ya kichwa. Tena yeye hakufanya kazi miezi yote ya mwaka. Baba alilitazama jibu lile kwa muda. Hakukasirika. Alisema tu, "Basi nimekuwa nikibeba miaka minne begani."

Na hata angekuwa na shilingi hizo, asingeuziwa. Kwa sheria na desturi ya utawala ule, Mwafrika aliyepata kibali cha silaha, kama alikipata, aghalabu kilikuwa cha gobore la kushindilia baruti mdomoni. Bunduki ya komeo ilikuwa ya kubeba, kusafisha na kurudisha. Mtego wa kamba na upinde wenye sumu, ambavyo babu zetu walivitumia kupata kitoweo, viliitwa ujangili. Mnyama yuleyule akiuawa kwa Rigby na mtu mwenye leseni, jambo hilo liliitwa mchezo wa kiungwana.

Kwetu Liwale tulikuwa na sababu ya pekee ya kulijua jina la Mauser. Julai 1905 watu wa Nandete, katika milima ya Umatumbi, waling'oa pamba ya Wajerumani, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Mwezi uliofuata boma la Liwale likashambuliwa. Wengi wa askari wa Wajerumani walibeba Mauser za zamani, za muundo wa 1871, zenye kutoa risasi moja moja, lakini nazo zilikuwa za komeo. Maji hayakugeuza risasi. Baada ya mapigano ikaja njaa, kwa sababu mashamba na maghala yalichomwa kwa makusudi. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 75,000 na zaidi ya 250,000. Magobore ya wenyeji yakakusanywa. Palipokuwa na vijiji pakaota msitu, na msituni wakaingia tembo na ndorobo. Waingereza walipoichukua nchi waliunganisha mapori ya akiba ya Wajerumani, na mwaka 1922 wakaliita Selous, kwa jina la mwindaji Frederick Selous aliyeuawa kwa risasi ya Wajerumani huko Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, akiwa na umri wa miaka 65. Katika miaka ya 1940 watu wengi wa Liwale wakahamishwa, kwa sababu iliyotolewa ya malale, na pori likapanuliwa juu ya mahame yao. Makaburi ya babu zangu yamo humo. Wakati wa uwindaji baba alipita karibu nayo akiwa amebeba bunduki ya mgeni. Mgeni alikuwa na kibali cha kuwamo ndani ya pori hilo. Baba alikuwamo kwa sababu ya mgeni.

Kiangazi hichohicho cha 1959, bwana yule alimpiga nyati jioni, kwa bunduki yake ndogo, akamjeruhi tumbo. Desturi ni kwamba mnyama aliyejeruhiwa hufuatwa mpaka afe, maana ukimwacha atamuua mwingine. Kesho yake asubuhi wakaingia kichakani: mfuata nyayo mbele, bwana, kisha baba na ile .416 ikiwa na risasi. Nyati hakuwa mbele. Alikuwa amezunguka na kuwasubiri ubavuni, kama kawaida yake. Akatoka hatua ishirini hivi. Bwana akafyatua ndogo, akakosa, akanyoosha mkono nyuma.

Wabeba bunduki walikuwa na kanuni moja iliyozidi zote: hufyatui bila amri, unatoa. Baba alijua kulenga. Alikuwa na bunduki kubwa mikononi na nyati mbele ya macho yake. Akaitoa. Akabaki mikono mitupu, na nyati akamjia yeye. Pembe iliingia juu ya paja, karibu na nyonga. Bwana akafyatua mara moja, akavuta komeo, akafyatua tena. Komeo halikukwama. Nyati akaanguka na kichwa chake juu ya miguu ya baba.

Walimfikisha hospitali ya misheni siku ya pili. Akalala miezi mitatu. Bwana hakuwa mtu mbaya. Alilipa gharama za hospitali, akaongeza shilingi 150 na blanketi, na akampa ganda la ile risasi ya pili liwe ukumbusho. Baadaye ilikuja picha kwa posta: nyati, bwana amepiga goti, na bunduki imeegeshwa kwenye pembe. Baba hayumo. Wakati picha ilipopigwa alikuwa kalazwa chini ya mti hatua chache tu kutoka hapo, akifungwa vitambaa. Shilingi 150 zilikuwa nusu ya kumi ya bei ya bunduki. Hesabu hiyo niliifanya peke yangu, na sikumwambia.

Hakubeba tena bunduki. Alichechemea maisha yake yote. Ila jioni, watu wakiwa barazani, aliweza kuzungumza juu ya ile .416 kwa upole wa mtu anayemkumbuka rafiki. Alieleza uzito wake, harufu ya mafuta yake, jinsi ilivyokaa begani. "Bunduki ile haikusema uongo," ndivyo alivyozoea kumaliza.

Mwaka 1974 nilirudi likizo. Nilikuwa nimemaliza Chuo cha Ualimu, mwalimu kijana wa siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, na vijiji vilikuwa vinahamishwa tena. Mwaka uliotangulia serikali yetu ilikuwa imepiga marufuku uwindaji, na mimi niliona haki imetendeka. Baba alipoanza hadithi yake mbele ya vijana, nikamkatiza. Nilisema, "Baba, huoni aibu? Unasifu fimbo uliyopigwa nayo."

Baraza zima likanyamaza. Mtoto kumwambia mzazi maneno hayo mbele za watu, kwetu ni kama kumvua nguo. Akanitazama, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, chuma hakina bwana, kina fundi. Mimi nilimpenda fundi." Akaomba fimbo yake ya kutembelea, akainuka, akaingia ndani. Hakusimulia tena habari za bunduki mbele yangu mpaka alipofariki mwaka 1988. Ganda hili alinipa mama baada ya arobaini, likiwa limefungwa katika kitambaa, nalo lilikuwa linang'aa. Alikuwa akilisafisha miaka yote hiyo.

Nilianza kumwelewa miaka michache baadaye, na aliyenifundisha ni mwanafunzi. Nilikuwa mwalimu mkuu, nikifundisha historia darasa la saba. Nilisimulia habari za Selous: safari zake, vitabu vyake, kifo chake Beho Beho, na jinsi pori letu lilivyoitwa kwa jina lake. Binti mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono. "Mwalimu, aliyekuwa akimbebea bunduki aliitwa nani?" Nikafungua mdomo, nikaufunga. Niliweza kuwaambia tarakimu za risasi, mwaka na kiwanda. Ajabu ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa mbeba bunduki, na kwa miaka ishirini nilikuwa nimefundisha somo lile bila kumweka humo hata mmoja wao. Ile picha ya posta niliichukia kwa sababu haikumwonyesha baba. Kumbe mimi nami nilikuwa nikiipiga upya kila mwaka ubaoni.

Siku ile nikaweka chaki chini, nikawaonyesha ganda, nikawasimulia.

Tangu hapo nimeona kwamba baba alikuwa na haki nusu, nami nilikuwa na haki nusu. Kweli chuma kina fundi. Ukucha ule wa Mauser ni akili safi, na kuipenda akili safi si aibu, awe ameibuni Mjerumani au mfua vyuma wa Kingindo. Lakini fundi hufanya kazi kwa anayelipa, na bei iliyoandikwa kwenye hati ya duka la London haikuwa bei yote. Sehemu iliyobaki ililipwa huku kwetu, kwa nyonga, kwa mahame, na kwa tembo.

Tembo nao ni sehemu ya hesabu. Mwaka 1976 katika pori la Selous na maeneo yanayolizunguka walihesabiwa takribani 109,000. Mwaka 2013 walibaki takribani 13,000. Wengi waliuawa na majangili wa miaka ya 1980 na wa baada ya 2009. Bunduki zilizokamatwa mikononi mwao hazikuwa za kivita tu. Zilikuwamo pia za kuwindia, za .375 na .458. Risasi ambayo Holland & Holland waliitoa mwaka 1912 kwa ajili ya waungwana ilikuwa imepata wateja wapya. Hao nao mara nyingi walikuwa vijana maskini waliotumwa na matajiri wasioingia porini. Mbebaji alibadilika, mbeba mzigo hakubadilika.

Bunduki zenyewe zimekuwa johari. Baada ya mwaka 1945 kiwanda cha Oberndorf kilivunjwa na Wafaransa, na makomeo ya zamani yakawa adimu. Za .416 zilizotoka kwa Rigby kabla ya Vita Kuu ya Pili hazikufika hata 200, na leo matajiri hushindana kuzinunua minadani. Nyumba hizo zimeuzwa na kununuliwa mara kadhaa. Rigby ilianza maisha mapya London mwaka 2013 na inatengeneza tena bunduki juu ya komeo la Mauser. Holland & Holland ilinunuliwa na Wataliano wa Beretta mwaka 2021, na bunduki yake ya komeo iliyotengenezwa kwa oda hugharimu makumi ya maelfu ya pauni. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977. Kwetu ulifunguliwa tena mwaka 1978, na ingawa mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, bado wageni huja na bunduki hizo katika vitalu vya uwindaji.

Miaka michache iliyopita mmoja wao alisimama kijijini kwetu, gari likipoa injini. Alikuwa mtu mpole mwenye mvi, na bunduki yake ilikuwa ya zamani, aliyoirithi kwa babu yake. Kijana aliyekuwa naye aliishika mkanda begani, kama baba alivyokuwa akishika. Nilisalimia, nikaomba kuitazama. Mgeni akafungua komeo ili nione kwamba ni tupu, akanikabidhi. Nilipitisha kidole kwenye michoro ya almasi, mahali palepale niliporuhusiwa mwaka 1958. Ilikuwa nzuri, msomaji wangu. Siwezi kukudanganya. Nilivuta komeo, nikalisukuma, nikasikia mlango ule ukifungwa.

Nilimrudishia mwenyewe, kisha nikamgeukia kijana. Aliponipa shikamoo nikaitikia, nikamwuliza jina lake, la baba yake, na la babu yake. Akayataja yote matatu. Nilipofika nyumbani nikayaandika katika daftari pamoja na tarehe. Daftari hilo lina majina 14 sasa, ya watu wa kijiji chetu na vya jirani waliobeba bunduki za wengine, kwa kadiri nilivyoweza kuyapata kwa wazee kabla hawajaondoka.

La kwanza katika orodha hiyo ni la baba yangu. Ndilo jina ulilolikuta kwenye tabaruku ya kitabu hiki, na pengine ulilipita upesi, kama wasomaji wengi tufanyavyo. Nakuomba urudi ukalisome.